Nani Amkague Msamaria? Serikali, Bodi na Fedha za Maafa



Iko aina ya taasisi ambayo sisi wa fani ya utawala huwa tunaipita haraka. Watumishi wake hawalipwi na Hazina, kwa hiyo hatuihesabu kuwa idara ya serikali. Haina wanahisa, kwa hiyo si kampuni. Wala huwezi kuiweka fungu moja na vyama vinavyoandikishwa kila wiki kwa msajili, maana imeundwa na Bunge kwa sheria yake yenyewe, nembo yake inalindwa na mikataba ya kimataifa, na mafuriko yakija mkuu wa mkoa huipigia simu kabla hajapiga kokote. Ni chama cha taifa cha misaada ya kibinadamu. Fedha zake hutoka kwa watu ambao hawatahudhuria hata mkutano wake mmoja. Huwafikia watu ambao siku wanapopokea blanketi hawana nguvu ya kuuliza zilizobaki ziko wapi. Aliyetoa haoni, aliyepokea hawezi kuhoji, na katikati yupo mwenye funguo za stoo.

Wahenga walishasema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini kwa taasisi ya namna hii daftari peke yake halitoshi, kwani swali gumu ni nani ana haki ya kulifungua. Serikali? Serikali hiyohiyo ambayo chama kinatakiwa kuisaidia bila kuwa mtumwa wake? Bodi? Bodi iliyochaguliwa na nani?

Nimeamua kulijibu swali hili kwa kufuata mfano mmoja mrefu, wa Msalaba Mwekundu wa Marekani. Sikuuchagua kwa sababu Wamarekani ni walimu wetu. Nimeuchagua kwa sababu makosa yao yamejadiliwa hadharani, kwenye kamati za bunge lao, kwa zaidi ya miaka 100, na kwa sababu wamejaribu karibu kila dawa ambayo mtu angeweza kuipendekeza hapa leo.

Clara Barton, mwanamke aliyewapelekea majeruhi dawa na chakula katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alikianzisha chama hicho mjini Washington tarehe 21 Mei 1881. Alikiongoza miaka 23. Alikwenda mwenyewe Johnstown, Pennsylvania, baada ya bwawa kupasuka mwaka 1889. Alikwenda visiwa vya Karolina ya Kusini baada ya kimbunga cha 1893, ambako waathirika wengi walikuwa watu weusi waliotoka utumwani miaka isiyozidi 30 kabla yake. Alikuwa na zaidi ya miaka 78 alipokwenda Galveston, Texas, mwaka 1900. Kwa uwanja wa maafa hakuwa na mfano. Kwa hesabu, ilikuwa habari nyingine: fedha zake binafsi na za chama zilichanganyika, stakabadhi zilikuwa chache, na maamuzi yote yalikuwa kichwani mwake.

Mwaka 1900 bunge la Marekani, yaani Kongresi, lilikipa chama hati ya kisheria na kukitaka kitoe taarifa kila mwaka. Haikusaidia. Wanachama waliogawanyika, wakiongozwa na Mabel Boardman, walipeleka malalamiko hadi kamati ikaundwa kuchunguza. Mwaka 1904 Barton akajiuzulu, akiwa na umri wa miaka 82. Hakuna aliyethibitisha kuwa aliiba hata senti. Nawaomba wanafunzi waliangalie jambo hili kwa makini, kwa sababu tumezoea kudhani ukaguzi ni kazi ya kuwasaka wezi. Mwanzilishi mwadilifu asiye na vitabu hukiacha chama chake bila kinga siku anaposhukiwa, na hukiacha bila mfumo siku anapoondoka.

Dawa ya kwanza ilikuja Januari 1905, katika hati mpya. Hesabu za chama zingekaguliwa kila mwaka na Wizara ya Vita. Kamati kuu ingekuwa na wajumbe 18, na 6 kati yao wangeteuliwa na Rais wa nchi, wakiwamo maofisa kutoka wizara za Mambo ya Nje, Vita, Bahari, Fedha na Sheria. Serikali ilipewa viti mezani, na watu wakaamini kuwa sasa serikali inaona. Kwa nusu karne na zaidi fikra hiyo ndiyo iliyotawala. Sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1947, bodi ilikua hadi magavana 50: 8 wa Rais, 30 waliochaguliwa na matawi, na 12 waliochaguliwa na bodi yenyewe.

Kabla sijafika kwenye matokeo ya bodi hiyo, niseme jambo kuhusu ukaribu na serikali. Ipo hatari inayokuja serikali inapokaa karibu mno, na haionekani kwenye vitabu vya hesabu hata kidogo. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikabidhiwa kazi ya kukusanya damu kwa ajili ya majeshi. Mwaka 1941 wachangiaji weusi walikataliwa, kwa kufuata matakwa ya jeshi la nchi kavu na la majini. Mapema mwaka 1942, baada ya malalamiko makubwa, wakaruhusiwa kuchangia, lakini damu yao ikatengwa na kuwekewa alama ya rangi ya mtoaji. Hapakuwa na sababu ya kisayansi, na wanasayansi wa wakati huo walilijua hilo. Alama hizo ziliondolewa mwaka 1950. Hesabu za miaka hiyo zilikaguliwa na Wizara ya Vita, kama sheria ilivyotaka. Kila dola huenda ilikuwa mahali pake. Na chama kilichoapa kutobagua kilibagua, kwa sababu mkaguzi wake ndiye aliyekuwa pia bwana wake.

Kwa hiyo ninapotetea usimamizi wa serikali, na nitautetea, msinielewe kwamba natetea amri ya serikali. Serikali iwe na haki ya kuona kila kitu. Isiwe na haki ya kuamua nani apewe mkate.

Sasa tuje kwenye Septemba 2001. Baada ya mashambulizi ya New York na Washington, michango ilimiminika kama haijawahi. Chama kilifungua mfuko maalumu na katika wiki chache ukapita dola milioni 500. Rais wa chama, Dakta Bernadine Healy, alikusudia kutenga sehemu kubwa ya fedha hizo kwa mahitaji ya baadaye: akiba ya damu, maandalizi ya shambulio jingine, mitambo ya mawasiliano. Kitaalamu hoja yake ilikuwa na mashiko, kwani shirika la maafa lisilo na akiba litakwama kwenye maafa yanayofuata. Lakini mtu aliyetuma dola 20 usiku ule alikuwa amemwona mjane kwenye televisheni, na alidhani anamtumia mjane.

Tulilete jambo hili nyumbani. Msibani kwetu kuna kamati, kuna daftari la rambirambi, na kila jina linaandikwa. Kamati ile ikiamua kwa busara yake kununua viti na turubai vya mtaa mzima kwa rambirambi za marehemu mmoja, huenda ikawa na hoja nzuri kabisa: misiba mingine itakuja, na turubai litafaa. Wafiwa hawataisikia hoja hiyo. Na wao ndio watakuwa na haki.

Healy alitangaza kujiuzulu Oktoba 2001, baada pia ya mvutano na bodi yake. Mwanzoni mwa Novemba alihojiwa na kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi. Siku chache baadaye chama kikatangaza kuwa fedha zote za mfuko ule zitakwenda kwa waathirika wa mashambulizi yale, na baadaye kikabadili namna kinavyomweleza mtoaji matumizi ya mchango wake. Angalieni ni nani aliyelazimisha badiliko hilo. Bodi ya watu 50 ilikuwepo. Wateule wa Rais walikuwepo. Wakaguzi wa mahesabu walikuwepo. Kilicholazimisha ni hasira ya umma iliyopata mlango wa bunge.

Miaka minne baadaye, Agosti 2005, kimbunga Katrina kikaipiga pwani ya Ghuba ya Meksiko. Kwa Katrina na vimbunga vya Rita na Wilma vilivyofuata, chama kilikusanya zaidi ya dola bilioni 2. Kilihudumia watu wengi mno, hilo hakuna wa kulikana. Lakini vitongoji vya watu maskini, na hasa vya watu weusi, vililalamika kuwa misaada ilichelewa au haikufika. Watu wa kujitolea walirudi makwao wakieleza vifaa vilivyotoweka na malipo yasiyo na kumbukumbu. Katika kituo cha simu cha Bakersfield, California, kilichokuwa kikiidhinisha fedha kwa wahanga, makumi ya watu walishtakiwa kwa kujilipa wenyewe na jamaa zao. Desemba 2005 rais wa chama, Marsha Evans, akaondoka baada ya kutofautiana na bodi. Wa pili huyo, ndani ya miaka minne na ushei.

Hapo ndipo akaingia Seneta Chuck Grassley wa Iowa, wakati huo mwenyekiti wa Kamati ya Fedha ya Seneti. Mtu anaweza kuuliza, kamati ya fedha inahusikaje na mablanketi? Jibu ni kodi. Chama kimesamehewa kodi, na mtoaji naye hupunguziwa kodi kwa mchango wake. Msamaha wa kodi ni fedha ya umma iliyoachwa mikononi mwa mtu binafsi kwa sharti kwamba aifanyie kazi ya umma, na Grassley akashikilia kwamba mwenye kutoa sharti anaweza kuomba ushahidi. Akadai nyaraka za bodi. Zilipofunguliwa, jambo moja lilijitokeza waziwazi: wale wateule wa Rais, wengi wao wakiwa mawaziri na wakuu wa taasisi za serikali, walikuwa hawahudhurii vikao.

Fikirini. Mwaka 1905 waliwekwa pale ili taifa lipate macho. Miaka 100 baadaye viti vilikuwa vitupu, na mradi majina yalikuwa kwenye karatasi kila mtu aliendelea kuamini kuwa serikali inatazama. Kiti cha serikali hakikuwa jicho la serikali, bali kilikuwa pazia. Mjumbe wa tawi la Ohio au Texas angethubutuje kuhoji jambo ambalo, kwa maandishi, limepita mbele ya waziri?

Na ukubwa wenyewe ulikuwa maradhi. Bodi ya watu 50 haiwezi kujadili. Hupokea taarifa, hupiga makofi, hula chakula cha mchana. Maamuzi hufanywa na kikundi kidogo ndani yake, ambacho hakikuchaguliwa na mtu kwa kazi hiyo, ama hufanywa na menejimenti. Halafu bodi hiyohiyo, isiyoweza kusimamia, huanza kuingilia kazi za kila siku, kwa sababu hapo ndipo mjumbe mmojammoja huona anaweza kufanya jambo. Ninyi mliokaa kwenye bodi za shule na za hospitali mnajua ninachosema.

Bodi iliagiza mapitio ya muundo wake, na taarifa ikatoka Oktoba 2006. Kongresi ikaigeuza kuwa sheria, na Rais George W. Bush akaisaini tarehe 11 Mei 2007. Bodi ilitakiwa ipungue hadi wajumbe kati ya 12 na 20 ifikapo mwaka 2012. Wajumbe wote wangekuwa wa aina moja, wenye wajibu sawa. Rais angebaki na uteuzi wa mwenyekiti peke yake, tena kwa mapendekezo ya bodi. Wakuu wa wizara walihamishiwa kwenye baraza la ushauri, ambalo halina kura. Kazi ya bodi iliandikwa wazi: kusimamia na kutoa mwelekeo, kumchagua mtendaji mkuu, kumpima na kumwajibisha, na kuhakikisha hesabu ni safi. Kisha sheria ikampa mkaguzi mkuu wa serikali, anayeongoza ofisi inayofanana na ile ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wetu wa Hesabu, uwezo wa kuingia na kuchunguza ushiriki wa chama katika shughuli yoyote ya serikali. Ikaunda pia ofisi ya kupokea malalamiko ya watu wa kujitolea, watoaji, watumishi na wahudumiwa, ambayo hupeleka taarifa yake bungeni kila mwaka. Sisi Watanzania tusione hilo kuwa geni. Tulikuwa wa kwanza Afrika kuwa na tume ya namna hiyo kwa ajili ya malalamiko dhidi ya serikali, mwaka 1966.

Naiona sheria ya 2007 kuwa kazi nzuri kwa sababu ilitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamechanganywa kwa karne nzima. Iliondoa mkono wa serikali kwenye usukani na kuongeza jicho lake kwenye vitabu. Viti vilipungua, haki ya kukagua ikakua.

Ningependa kuwaambia kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Novemba mwaka huohuo mtendaji mkuu mpya, Mark Everson, aliyewahi kuongoza mamlaka ya kodi ya Marekani, aliondolewa baada ya miezi sita tu kwa sababu za mwenendo binafsi. Walau safari hii bodi ilichukua hatua yenyewe bila kusubiri bunge. Mwaka 2008 akaja Gail McGovern, aliyekaa hadi 2024, na utulivu ukarudi. Halafu ikaja Haiti.

Tetemeko la Januari 2010 liliua watu wengi na kuibomoa Port-au-Prince. Msalaba Mwekundu wa Marekani ulipokea dola milioni 488. Mwaka 2015 waandishi wa ProPublica na redio ya NPR wakachapisha uchunguzi wao: chama kilikuwa kimezungumza hadharani juu ya makazi ya watu wengi sana, lakini nyumba za kudumu zilizojengwa zilikuwa 6. Chama kilijibu kwamba migogoro ya hati za ardhi ilizuia ujenzi, na kwamba fedha zilielekezwa kwenye ukarabati, kodi za nyumba, afya na vita dhidi ya kipindupindu. Sehemu ya jibu hilo ni kweli. Atakayejaribu kujenga katika jiji ambalo kiwanja kimoja kina wadai watatu atalielewa. Lakini chama kilikuwa kimewaambia watoaji kuwa senti 91 za kila dola zinakwenda Haiti. Grassley akachunguza tena, na taarifa yake ya Juni 2016 ikasema takribani robo ya fedha zote zilitumika kwa gharama za chama chenyewe: utawala, uchangishaji na mengineyo. Ikaonyesha pia kwamba kitengo cha ndani cha uchunguzi na maadili kilikuwa kimebakiwa na watu 3.

Watu 3, kwa chama chenye matumizi ya mabilioni ya dola kwa mwaka! Hakuna kashfa hapo, hakuna wizi. Kuna maamuzi ya bajeti tu: menejimenti ilitaka kubana matumizi, na mahali pepesi pa kubana pakawa ni kwa watu wanaouliza maswali. Bodi ndogo yenye sifa, iliyoundwa kwa sheria nzuri, iliacha hilo litokee. Kwa hiyo udogo wa bodi hautoshi. Bodi inapaswa kuilinda ofisi ya mkaguzi wa ndani dhidi ya mtendaji mkuu, hata pale mtendaji mkuu anapokuwa hodari na mwenye kupendwa. Hasa pale.

Na lipo jambo linaloniuma zaidi kuliko robo ile. Ofisi ya ukaguzi ya serikali ilipoanza kukichunguza chama, kwa maombi ya mbunge Bennie Thompson wa Mississippi, McGovern alimwandikia mbunge huyo mwaka 2014 akiomba uchunguzi usitishwe, akaahidi kuyajibu maswali yeye mwenyewe. Uchunguzi uliendelea, na taarifa ikatoka Septemba 2015. Ilikuta kwamba ingawa chama kina nafasi rasmi katika mpango wa taifa wa maafa, kikishirikiana na wakala wa serikali wa dharura, FEMA, katika malazi na chakula, hakuna chombo chochote cha serikali kinachotathmini huduma zake kwa utaratibu wa kudumu. Ikaishauri Kongresi iunde utaratibu huo. Thompson akapeleka muswada. Haukupitishwa.

Linganisheni na damu. Chama hicho hutoa takribani asilimia 40 ya damu yote inayotumika Marekani, na damu ni dawa kisheria, kwa hiyo iko chini ya mamlaka ya chakula na dawa. Mwaka 1993 mahakama iliweka amri ya makubaliano juu ya usalama wa damu ya chama. Mwaka 2003 amri ikaongezewa meno ya faini, na faini zikatozwa kweli, mara nyingi, kwa mamilioni ya dola. Ilikuwa kazi ngumu ya zaidi ya miaka 20, lakini huduma ya damu ilisukumwa kurekebishwa hatua kwa hatua na mkaguzi aliyekuja iwe kuna kelele magazetini au hakuna. Upande wa maafa haukuwa na mkaguzi huyo. Chama kimoja, bodi moja, nchi moja. Tofauti iko kwenye kalenda: upande mmoja jicho huja kwa ratiba, upande mwingine huja baada ya kilio.

Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo. Usimamizi wa chama cha misaada unapaswa kupangwa wakati wa amani na kufanywa kwa tarehe zinazojulikana, ukiangalia matokeo pamoja na hesabu. Ukisubiri kashfa utapata kiongozi wa kufukuza na hutapata mfumo.

Najua wako watakaosema: mpe mtawala mlango wa kuingia, hatatoka. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2023 Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu liliutaka Msalaba Mwekundu wa Belarus umwondoe kiongozi wake, aliyekuwa ameonekana na nguo za kijeshi zenye alama ya Z ya vita vya Urusi nchini Ukraina, na aliyezungumza hadharani juu ya kuhusika kwa chama katika kuwapeleka watoto wa Kiukraina Belarus. Chama kilikataa. Tarehe 1 Desemba uanachama wake ukasimamishwa. Kanuni za msingi zilizopitishwa Vienna mwaka 1965 zinasema vyama vya taifa ni wasaidizi wa serikali zao katika kazi za kibinadamu na vinafuata sheria za nchi, lakini lazima vibaki na uhuru wa kutenda kwa kanuni hizo wakati wote. Utii wa sheria na uhuru wa maamuzi vimewekwa katika sentensi moja, na walioiandika walijua ni vigumu kuvishika pamoja. Mkaguzi wa hesabu anayeleta taarifa yake bungeni, mbele ya upinzani na waandishi, havunji uhuru huo. Waziri anayepiga simu kuagiza mahema yaanze kugawiwa kata fulani anauvunja.

Nifike kwetu. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Tanzania kiliundwa kwa Sheria Namba 71 ya mwaka 1962, na cha Kenya kwa sheria ya Desemba 1965. Vyote viwili vilirithi matawi ya chama cha Uingereza, na sheria zao zina umri wa uhuru wetu. Kazi imekua. Watu wa chama cha Tanzania wamekuwa Nyarugusu mkoani Kigoma wakiwatibu wakimbizi kutoka Kongo na Burundi. Walikuwa Hanang Desemba 2023 tope liliposhuka mlimani. Wale wa chama cha Kenya walikuwa kwenye mafuriko ya nchini mwao ya mwaka 2024. Michango ya siku hizi hupita kwenye simu na kujaa kwa saa chache, kasi ambayo watunga sheria wa 1962 hawakuweza kuiwaza.

Wala tusijidanganye kwamba serikali ikichangisha yenyewe tatizo limekwisha. Baada ya tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, serikali iliongoza uchangiaji. Kabla mwezi haujaisha, Rais Magufuli alitengua uteuzi wa maofisa wa ngazi ya mkoa na manispaa kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na la akaunti ya maafa. Baadaye serikali ikaeleza kuwa fedha za michango zinaelekezwa kwenye miundombinu ya umma, zikiwamo shule, na wako wananchi waliokuwa wakitarajia nyumba zao. Mkoani Kagera mwaka 2016 na New York mwaka 2001 watu waliuliza swali lilelile: mliniambia inakwenda wapi? Serikali haikupata msamaha wa swali hilo kwa kuwa ni serikali.

Kwa wabunge waliomo ukumbini, ombi langu ni hili. Zileteni sheria hizi mezani kabla ya maafa makubwa yajayo. Punguzeni viti vya uteuzi, na badala yake mpeni Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu haki ya kuingia kwa ratiba, walau kila baada ya miaka michache, kupima kama misaada iliwafikia watu na kwa muda gani, na taarifa hiyo isomwe bungeni. Wekeni sharti kwamba kila harambee ya maafa iwe na hesabu yake, itangazwe kwa Kiswahili, ibandikwe katika ofisi za kata na vijiji vilivyohudumiwa. Mahudhurio ya wajumbe wa bodi yachapishwe kila mwaka kwa majina.

Na ninyi wa kujitolea, wengi wenu ni wanachama wenye kura katika matawi yenu. Mkutano mkuu wa tawi ukiitishwa, nendeni. Taarifa ya mkaguzi wa nje ikisomwa kwa muhtasari, ombeni isomwe yote, pamoja na barua ya mkaguzi kwa menejimenti na majibu ya menejimenti. Ulizeni kitengo cha ukaguzi wa ndani kina watu wangapi na kinaripoti kwa nani. Mkiambiwa swali hilo halimo kwenye ajenda, ombeni liingizwe kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba liliulizwa, na na nani, na tarehe ngapi.